Nilikwenda Kisiwani Wakati wa Masika

Fomu ya likizo katika kituo cha afya ninachofanyia kazi ina mstari unaotaka uandike mahali utakapokuwa. Kwa miaka ishirini na miwili niliandika neno lilelile, Mchombe, na mwezi uleule, Julai. Mchombe ndiko yaliko mashamba ya mpunga ya ukoo wa mume wangu, na Julai ni mavuno. Wauguzi wenzangu walikuwa wakirudi likizo wamenenepa na wamesuka nywele upya. Mimi nilirudi vidole vimechanwachanwa na majani ya mpunga na shingo imebabuka kwa jua. Walinitania kwamba likizo yangu ni siku ninazokuja kazini. Nilicheka nao. Wakati ule nilikuwa mwepesi wa kucheka.

Nilikuwa na rafiki niliyempata chuo cha uuguzi. Yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini, miaka mitatu. Alikuwa Mwislamu wa kisiwa cha Mafia, mimi Mkristo wa Ifakara ambaye maji makubwa kuliko yote niliyoyajua ni mto Kilombero ukifurika. Tulipomaliza, yeye alipangiwa kazi kwao, mimi nikarudi kwetu, na tukaanza kuandikiana. Hata simu zilipoenea tuliendelea na barua, kwa sababu alisema simu haikunjwi ikawekwa chini ya mto wa kulalia.

Kila barua yake ilinichagulia mwezi wa kwenda kumtembelea. Njoo Januari, aliandika, bahari imetulia kama maji ya beseni, na papa potwe wamekuja. Papa potwe, alinieleza, ni samaki mkubwa kama basi, ana madoadoa, na hana neno na mtu. Nikamjibu kwamba Januari tunapanda. Basi njoo Agosti, akaandika, kuna kaubaridi, huwezi kuchoka. Nikamjibu kwamba Agosti ndiyo kwanza tunamaliza kupura na kuusafirisha mpunga. Akanichagulia Oktoba. Nikamwambia Oktoba tunafyeka na kutayarisha mashamba. Akasema sawa, utakuja tu, lakini naomba kitu kimoja, usije mwezi wa nne wala wa tano, masika ya huku si mchezo, bahari inachafuka, utafika uone matope uniite mwongo.

Sasa mtu anayelijua bonde letu atagundua jambo ambalo mimi nilichukua miaka kuligundua. Mwezi wa nne, palizi ikiisha na mpunga ukiwa umesimama wenyewe majini, ndio mwezi pekee ambao Mchombe hakuna anayekuulizia.

Habari ya kifo chake ilinikuta shambani. Ilikuwa Julai, saa tatu asubuhi, nimeinama na mundu mkononi. Simu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga. Aliyepiga alikuwa mdogo wake wa kike, ambaye nilimjua kwa jina tu. Alisema dada amefariki alfajiri, ugonjwa wa figo, anazikwa leo baada ya sala ya adhuhuri, na kwamba ameona nisiambiwe na watu wengine.

Wifi yangu alikuwa mstari wa pili. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mjane, na tangu mama mkwe alipofariki ndiye anayeyaendesha mashamba yale. Si mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha kushika mundu bila kujikata, na mwanangu wa kwanza alipougua surua ndiye aliyekesha naye. Alisimama, akanisikiliza, akanishika bega.

"Pole sana, wifi," alisema. "Lakini hata ungekuwa na mabawa, leo hufiki. Na mpunga huu ukikaa siku mbili zaidi unapukutika."

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nisingefika kweli. Nikainama tena. Shambani ni mahali rahisi pa kulia, maana umeinama na hakuna anayekuona uso. Nilikata mpunga mpaka jioni, na kesho yake, na kesho kutwa yake. Hakuna aliyenilazimisha. Mkono ulikuwa umezoea.

Januari iliyofuata, ratiba ya likizo ilipoanza kuzungushwa, niliandika Aprili. Kwenye mstari wa mahali nikaandika Mafia.

Mkuu wa kituo chetu ni daktari kijana, ananiheshimu, kila asubuhi huniamkia shikamoo ingawa yeye ndiye bosi. Aliniita ofisini na ile fomu mkononi.

"Sista, hapa pameandikwa Aprili. Umekosea?"

"Sijakosea."

"Mafia? Aprili?" Akachukua simu yake, akapekuapekua, akanionyesha. "Angalia. Wanasema wakati mzuri ni Juni mpaka Oktoba, au Desemba mpaka Februari. Aprili mahoteli yenyewe yanafungwa. Mimi fungate yangu tulikwenda Unguja mwezi wa tisa, sista, bahari kama kioo. Chukua Septemba. Nakuandikia mimi mwenyewe, sasa hivi."

Nilimwangalia yule kijana wa watu. Alikuwa ananitakia mema kabisa. Septemba ilikuwa mbele yangu, imeshikwa mkononi, inangoja kalamu. Lakini mimi nilikuwa nimeahidiwa miezi mizuri mingi mno maishani, na nilijua inavyokwenda. Ingefika Septemba, angeugua mtu, au mpunga ungechelewa, au kungekuwa na kipaimara cha mtoto wa shemeji. Na aliyeniita alikuwa tayari kaburini kwa kungoja mwezi mzuri.

"Daktari," nilimwambia, "siendi huko kwa ajili ya bahari kama kioo. Andika Aprili."

Akaandika.

Kumbe habari hutoka Ifakara kwenda Mchombe kwa kasi kuliko bodaboda. Jumapili iliyofuata, tumetoka kanisani, hata viatu sijavua, wifi alishuka getini kwetu. Alikuwa amevaa khanga mpya, kwa hiyo nilijua amekuja kikao.

Nilimwamkia. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Nasikia unakwenda kuogelea."

"Nakwenda kutoa pole, wifi."

"Msiba wa mwaka jana?"

"Huohuo."

Mume wangu alikuwa ameketi kati yetu, anakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Ana karakana ya baiskeli karibu na soko, ni fundi hodari na mtu wa maneno machache. Pia anaogopa maji, ingawa amezaliwa hatua chache kutoka mtoni. Utotoni mtumbwi ulimpindukia, na tangu siku hiyo huvuka hata mtaro kwa kufikiri.

"Sikukatazi," wifi alisema. "Kwani mimi nani? Ila nimepiga hesabu. Likizo yako siku ishirini na nane. Chukua saba uende huko kisiwani kwako, ishirini na moja uziweke Julai, uje uvune. Kila mtu apate."

Mume wangu akainua uso kwa matumaini. Lilionekana jambo la haki. Nami nilikuwa karibu kabisa kusema ndiyo, mdomo ulishaanza kufunguka, kwa maana kusema ndiyo ilikuwa tabia yangu kama vile kunawa mikono kabla ya kumshika mgonjwa.

"Hapana," nikasema. "Zote nazichukua Aprili."

"Na Julai?"

"Julai nitakuwa kazini."

"Nani atavuna upande wako?"

Hapo kitu kikanikata. "Upande wangu upi, wifi? Lile shamba jina langu limeandikwa wapi?"

 Nje bajaji ilipita na muziki wake, ikaishia. Mume wangu akasema, "Jamani, chai inapoa." Wifi hakuinywa. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akasema kwamba masika ya baharini yameua watu, na kwamba yeye amesema mbele ya shahidi. Kisha akaondoka. Usiku ule mume wangu alilala amenipa mgongo, na mimi nikalala vizuri.

Niliondoka wiki ya pili ya Aprili. Nilibeba begi moja na mfuko wa mchele wetu wa Ifakara, ule wenye harufu ambayo ukiupika jirani anajua. Mvua ilikuwa inapiga bonde zima. Kuanzia Kiberege mpaka Kidatu mashamba yote yalikuwa maziwa, na wachungaji wa Kisukuma walikuwa wamepandisha ng'ombe wao kwenye kingo za barabara kwa sababu ndipo palipobaki pakavu. Basi lilikwenda polepole. Abiria aliyekaa kando yangu aliuliza nakwenda wapi, nikamwambia. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mama, watu wanakimbia maji, wewe unayafuata!"

Dar es Salaam nililala kwa binamu yangu. Kesho yake nikapanda gari la kwenda Nyamisati, bandari ndogo kwenye mikoko ya Rufiji ambako boti za Mafia huondokea. Nilipofika, boti ilikuwa imezuiwa. Upepo. Karani wa tiketi alisema labda kesho, labda kesho kutwa. Nilipata chumba katika gesti ya mbao, nikaketi barazani naangalia mvua ikitoboa mto.

Nikampigia mume wangu. "Rudi basi, Mama," alisema. "Hakuna atakayekucheka." Kabla sijajibu nilisikia simu ikinyang'anywa. Wifi alikuwa Ifakara, alikuja kununua mbolea.

"Wifi, umeona?" alisema. "Mungu mwenyewe anakuambia rudi."

"Mungu namba yangu anayo, wifi. Akiwa na neno atanipigia mwenyewe."

Nikakata simu.  Katika maisha yangu yote sikuwahi kumkatia simu mtu aliyenizidi umri. Nilikaa pale barazani nikingoja majuto yaje. Yalikuja kidogo, yakakaa pembeni, nikayaacha hapohapo. Halafu nikaagiza samaki na ugali, nikala peke yangu mchana kweupe, bila kumpakulia mtu.

Boti iliondoka siku ya pili. Tulivalishwa majaketi ya kuokolea, na tulipotoka tu kwenye mikoko, mawimbi yakaanza kutubeba na kutubwaga. Nilitapika mapema, nikamaliza, nikapata nafasi ya kutazama. Hii ndiyo bahari niliyoandikiwa miaka yote ile. Ilikuwa ya rangi ya kahawia, imejaa matawi na magugu yanayoelea.

Mama mmoja aliyekuwa na tenga la kuku alinihurumia, akanipa ndimu ninuse. "Usiidhanie hivi siku zote," alisema. "Haya ni maji ya Rufiji. Masika yanatapika mpaka katikati ya bahari. Hata walipojenga lile bwawa la umeme huko mtoni, tope halijaisha."

"Na Rufiji inayatoa wapi?" nilimuuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo tangu darasa la tano.

"Huko juu kwenu wabara."

"Mengi yanatoka kwetu. Mimi natoka Kilombero."

Akanitazama, akayatazama maji. "Kumbe nyie ndio mnatuletea matope!"

"Tunawaletea mbolea," nikamwambia.

Alicheka, kuku wake wakashtuka. Nami nilicheka, na huku nacheka nilikuwa najiuliza mbona moyo umetulia namna ile. Kwa miaka yote niliyokuwa nikimwandikia kwamba nashindwa kufika, maji ya mlangoni kwangu yalikuwa yanafika kwake kila masika, bila kuomba likizo.

Kwenye gati la Kilindoni mdogo wa rafiki yangu, niliyempa taarifa kwa simu, alikuwa anasubiri chini ya mwavuli uliovunjika mbavu. Nilimtambua kwa kidevu. Alikuwa na kidevu kilekile cha kitanda cha juu.

"Karibu, dada," alisema. "Umekuja wakati mbaya."

"Najua. Niliambiwa."

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, analima, na maji ya bahari yakikauka huenda mwambani kutafuta pweza. Alinipokea mfuko wa mchele kwa mikono miwili, akashukuru, akanipa chumba cha marehemu. Siku mbili za kwanza mvua ilipiga juu ya bati hata hatukuweza kuzungumza. Tulikuwa tunaelekezana kwa mikono, chumvi, maji, kaa hapa. Nilianza kudhani ndivyo tulivyo, watu wawili wakimya. Sikujua kwamba ana neno ameliweka akiba.

Siku ya tatu mchana mvua ilinyamaza. Alikuja na mkebe wa biskuti, ule wa bati, akauweka kwenye mkeka mbele yangu. Ndani zilikuwa barua zangu. Zote. Zimepangwa tangu ya kwanza.

"Alikuwa ananisomea," alisema. "Humu ndani tulikujua kwa visingizio vyako."

Nikachukua ya juu. Januari tunapanda. Nikachukua nyingine. Mwaka huu mvua zilichelewa kwa hiyo mavuno yatasogea. Nyingine. Wifi ana homa, siwezi kumwachia. Mwandiko ulikuwa wangu, ulianza mviringo wa kisichana, ukawa wa haraka, ukawa wa kiuguzi, hausomeki vizuri, lakini maneno hayakubadilika. Sikuweza kufika ya kumi.

"Siku ya mazishi nilikuwa natazama barabara," akaendelea. "Nikajua hutafika, nikajua hata kwa ndege hufiki. Lakini arobaini? Hukuja. Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Nikasema, "Nilikuwa navuna, halafu nikaendelea na kazi."

"Hata sisi tulikuwa tunavuna, dada." Hakupaza sauti. "Hapa pia kuna mpunga. Tuliweka mundu chini, tukamzika, kesho yake tukaokota mundu. Mpunga ulipukutika kidogo. Tukala ule uliobaki."

Nimewahi kusemwa na madaktari, na wagonjwa, na wifi. Hakuna maneno yaliyowahi kunikaa kama yale. Na cha ajabu, sikutaka kujitetea. Nilikuwa nimesafiri siku kadhaa kwenye mvua kumbe kwa ajili ya hayo, ili mtu mwenye haki ya kunisema anikalishe mkekani aniseme. Nililia, na safari hii sikuwa nimeinama. Aliniacha nilie mpaka mwisho. Halafu akaufunga mkebe, akasema, "Haya. Vaa viatu vya matope, twende ukamwone."

Kaburi lilikuwa nyuma ya minazi, limezungushiwa mawe meupe ya bahari. Mvua ilianza tena njiani. Yeye alifungua viganja akaomba dua, mimi nikasali kwa namna yangu, kimya. Kisha nikamwambia rafiki yangu kwa sauti kwamba nimekuja mwezi alionikataza, na kwamba matope nimeyaona, na yeye si mwongo. Mdogo wake alitoa sauti ya kicheko puani. Tangu hapo tukawa watu wa kuzungumza.

Nilikaa kisiwani siku kumi na sita, na kati ya hizo jua lilitoka siku tatu tu. Sikuona papa potwe hata mkia. Mahoteli yaliyo upande wa pili wa kisiwa yalikuwa yamefungwa, viti vimepandishwa juu ya meza. Nguo hazikukauka. Nilipata fangasi kati ya vidole kama mkulima yeyote. Mkuu wa kituo alinitumia ujumbe akiuliza hali ya hewa, nikamjibu, mvua.

Lakini palikuwa na siku maji ya bamvua yalipokauka, yale maji ambayo yakijaa yanajaa sana na yakitoka yanatoka mbali sana. Wanawake wa pale walishuka na fimbo zao kutafuta pweza, na mdogo wake akanichukua. Tulitembea juu ya sakafu ya bahari. Nilikuwa na viatu vya plastiki vya kuazima, nimejitanda khanga, mvua nyembamba inanyesha, na nikigeuka nyuma nyumba zimekuwa ndogo kama viberiti. Chini kulikuwa na majani ya kijani, na nyota za baharini nyekundu, na vidimbwi vyenye samaki wa ukubwa wa kucha. Mwenzangu alichokoa shimo, mkono wa pweza ukatoka ukajizungusha kwenye fimbo, na mimi nikapiga yowe, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili, mkunga aliyepokea watoto wasiohesabika. Wanawake wote wakageuka. Wakacheka mpaka wakaegemea fimbo. Sijui ni lini mara ya mwisho nilikuwa mtu wa kuchekesha kwa kutojua kazi.

Siku nyingine alinipeleka shambani kwake. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba, ndege wanaushambulia, na kulikuwa na dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia, kama vya kwetu kabisa. Magugu yalikuwa yameota pembeni. Mikono yangu ilijua la kufanya hata kabla yangu.

"Ungenisaidia upande ule," alisema, akinyoosha kidole.

Nikamwangalia. Nikaiweka mikono nyuma ya mgongo, nikaishikanisha.

"Nimekuja likizo," nikamwambia.

Alifikiri nafanya mzaha. Alipoona sifanyi, alikunja uso kidogo, kisha akasema, "Basi panda dunguni ukae." Nikapanda nikakaa. Nilikaa asubuhi nzima miguu inaning'inia, natazama mtu mwingine akipalilia mpunga, na sikuona haya. Niliona haya kidogo tu, mwanzoni.

Nilirudi Ifakara mwanzoni mwa Mei na pweza mkavu kwenye begi. Harufu yake ilinitangulia. Mume wangu aliuliza kama bahari ni kubwa. Nikamwambia ni kubwa lakini ikikauka unaitembea kwa miguu. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu, nikaona limemfurahisha. Wifi hakuja.

Julai ikafika. Kila asubuhi nilivaa sare yangu nyeupe nikaenda kazini, na kila asubuhi mwili ulinidai mundu. Siku moja nilipotoka zamu nilikuta karakana ya mume wangu imefungwa, na mlangoni kuna kipande cha boksi kimeandikwa, Fundi yuko shambani. Miaka yote ile yeye alibaki mjini na baiskeli zake, maana wateja hawangoji, na mimi ndiye niliyekwenda. Alikaa Mchombe siku tisa. Aliporudi alikaa kwenye kigoda uani, akanyoosha mikono yake mbele yangu kama mgonjwa anayeonyesha kidonda. Vidole vilikuwa vimechanwachanwa vyote.

"Kumbe," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Nilileta maji ya uvuguvugu na dawa nikamsafisha, kwa sababu hiyo ni kazi yangu.  Tangu siku hiyo sikumsikia tena akisema chai inapoa.

Mwisho wa mavuno wifi hupika mchele mpya na kuita ukoo wote Mchombe. Watu wawili walinishauri nisiende. Nilikwenda. Nilivaa gauni nililonunua Kilindoni, la maua makubwa. Tulikuwa watu kama ishirini, kwenye majamvi, na wifi mwenyewe ndiye aliyekuwa anapakua. Aliwapakulia wanaume, akawapakulia vijana, akawapakulia wake za shemeji zangu, wanawake waliovuna. Akanifikia. Akasimama na upawa hewani.

"Na wewe utakula?" aliuliza. 

"Nitakula, wifi."

"Mpunga ambao hukuugusa."

"Mwaka huu sikuugusa," nilisema. "Ishirini na miwili niliugusa. Nipakulie."

Tukatazamana. Alikuwa amekonda, na chini ya macho yake kulikuwa na uchovu ambao najua umetoka wapi, kwa maana kazi ya mikono yangu ilimwangukia na yeye pia. Sikufurahia hilo. Lakini sikulitolea samahani, na yeye hakuniomba. Alichota upawa mmoja, akaumwaga kwenye sahani yangu, kidogo, kama anavyopakuliwa mtoto, akapita kwa mwingine.

Nikala. Mchele ulikuwa mzuri, laini, una harufu. Nilikula polepole hadi punje ya mwisho, kisha nikainua sahani juu ya vichwa vya watu, nikaomba niongezewe.